Onja Baada ya Sukari

Kwenye wodi ya wanawake walimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo hakujipa. Alipewa na wagonjwa wenyewe, kwa sababu sindano yake iliingia na kutoka kabla mtu hajamaliza kukunja uso. Wapo waliokataa kabisa kuchomwa na mwingine. Walikaa kitandani wameficha mikono chini ya shuka, wakisema watamngoja yeye hata kama zamu yake ni kesho. Wauguzi wenzake walimtania kwamba siku akistaafu itabidi aende nyumbani na mkono mmoja, ule mwingine ni mali ya hospitali.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mama mkwe alikuja kumsaidia uzazi kwa wiki mbili na mpaka leo hajaondoka, na mtoto wao wa kike alikuwa na miezi minane, bado ananyonya. Ikifika saa nne asubuhi maziwa yalimjaa, naye alikuwa amekunja vitambaa viwili ndani ya sare ili yasionekane. Wagonjwa waliona tu. Watu husema wagonjwa wa akili hawaoni, lakini wale huona mpaka usichotaka kionekane.

Wodi ilikuwa nyumba ndefu yenye vitanda ishirini na viwili, na vyuma vya madirishani vilipakwa rangi nyeupe ili visifanane na vyuma. Mwisho kabisa palikuwa na mlango mzito wenye kioo kidogo usawa wa macho. Nyuma ya mlango huo palikuwa na vyumba vinne vya kufungwa, na hakuna aliyepataja kwa jina. Walisema "kule" tu. Fulani kapelekwa kule. Fulani karudi kutoka kule.

Aliyeitawala nyumba hiyo alikuwa mkuu wa wodi, mwanamke mnene wa makamo mwenye mkufu wa funguo kiunoni, ndiyo maana akaitwa Bi Funguo. Alikuwa mkali kwa mdomo, laini kwa mikono. Ni yeye aliyemfundisha Mkono Mwepesi kazi tangu siku ya kwanza: namna ya kumkaribia mtu anayetetemeka kwa hofu, namna ya kukaa naye ubavuni badala ya kusimama mbele yake, namna ya kunyamaza. Mkono Mwepesi alipokuwa na mimba kubwa, Bi Funguo ndiye aliyemkatalia kunyanyua wagonjwa, akanyanyua mwenyewe. Kwa hiyo alimwita mama, na hakumwita hivyo kwa heshima ya mdomoni tu.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, mkoba mkononi. Alikuwa hajalala kwa majuma matatu, na alikuwa na hakika kwamba kuna watu wanamtilia kitu kwenye chakula. Alijua pia kwamba huenda hofu hiyo ni ugonjwa. Mambo yote mawili aliyabeba kichwani pamoja, na uzito wake ndio uliomleta. Akamwambia daktari kwamba amekuja kwa miguu yake na ataondoka kwa miguu yake.

Aliyemsomea karatasi ya kulazwa kwa hiari alikuwa Mkono Mwepesi. Karatasi ilisema mgonjwa ana haki ya kukataa dawa, ana haki ya kuuliza anachopewa na kujibiwa kweli, na ana haki ya kuondoka. Mwalimu alimsimamisha katikati, akamwambia pale pana nukta, binti, usipite kama treni. Akasaini. Mkono Mwepesi naye akasaini chini yake kama shahidi. Mwalimu akampa alama saba kwa kumi, akasema tatu amekata kwa sababu ya kukimbia.

Vidonge alivikataa tangu siku ya kwanza, na daktari, kijana mgeni aliyekuwa na miezi miwili tu hapo, akaandika kwamba asilazimishwe, wataendelea kuzungumza naye. Chakula alikula mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe na ndizi za kumenya. Chai alikunywa kutoka kwa mtu mmoja. Mkono Mwepesi akimimina, anapiga funda mbele yake, anangoja kidogo, kisha anageukia toroli kutia sukari na kumpa. Wengine wakijaribu, aliwaambia wakamwagie maua.

Juma la pili akachafukwa. Alipindua toroli, akamkwangua mgonjwa wa kitanda cha jirani, na walimshika watu wanne. Mkono Mwepesi alishika kifundo cha mguu. Aliuhisi mfupa ule mwembamba ukipiga kiganjani mwake, na ndala ya Mwalimu ikiwa imelala kifudifudi sakafuni. Sindano ya dharura ilichomwa, akalala. Jioni Bi Funguo akamwita Mkono Mwepesi stoo na kumpa kichupa kidogo cha matone yasiyo na rangi wala ladha.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wauguzi wa wodi ile walikuwa na desturi yao tangu zamani, na madaktari hawakuijua, au walichagua kutoijua. Mgonjwa msumbufu anayekataa vidonge aliwekewa matone kwenye chai. Kwenye kitabu cha makabidhiano hawakuandika kitu. Waliambiana kwa mdomo tu zamu zikipokezana, kwamba kitanda cha tisa kimetiwa sukari. Anayepokea anatikisa kichwa.

Mkono Mwepesi alisema yule mama ana haki ya kukataa, amesaini. Bi Funguo hakugomba. Alikaa juu ya kasha la glavu, akasugua magoti, akamuuliza kama anataka kumlalia tena mtu wa umri wa mama yake, watu wanne, kesho na keshokutwa. "Uongo wa dakika moja, mwanangu," alisema, "au magoti ya watu wanne kifuani. Chagua wewe, anayekunywa kwako ni wewe."

Akachagua. Matone kumi, mgongo umegeuzwa, kijiko kinazunguka. Zamu ambazo hakuwapo, wenzake waliyatia kwenye jagi la maji aliyojichotea Mwalimu mwenyewe, akiwa amelala, wakijua wenyewe siku gani na kiasi gani.

Na Mwalimu akatulia. Alilala. Alianza kuwafundisha wenzake jedwali la kuzidisha, akiwakaripia wale waliokwama kwenye saba mara nane. Daktari akafurahi, akasema mnaona, mtu akisikilizwa anatulia bila hata kidonge. Wauguzi wakatazamana. Mmoja alicheka mpaka akasingizia kikohozi.

Lakini mkono wa Mwalimu ukaanza kutetemeka. Tarakimu zake zilizokuwa zimenyooka kama zimechapwa zikawa zinayumba, ulimi ukawa mzito kinywani. Mtu wa hesabu hawezi kuona jibu limebadilika asitafute kilichoongezwa. Alikaa siku tatu akitazama.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mkono Mwepesi alimimina, akapiga funda, akageuka, akatia sukari na yale mengine, akageuka tena na kikombe. Mwalimu hakukipokea.

"Onja tena," alisema.

"Nimeshaonja, Mwalimu."

"Ulionja kabla ya sukari. Onja baada ya sukari."

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, cha moto. Maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani, yanauma, na aliwaza kitu kimoja tu, kwamba akimeza hiki, jioni kitakuwa kinywani mwa mwanawe. Alisita. Hakukuwa kusita kwa muda mrefu. Pengine ni muda wa kufumba na kufumbua. Kisha akasema yeye hapendi sukari.

Mwalimu alimtazama usoni, akamtazama kifuani palipolowa, akarudi usoni. "Umetia kitu?"

"Hakuna kitu."

Mwalimu akaketi. Hakupiga kelele. Daktari alipopita alimweleza kwa utaratibu, kama anayesahihisha daftari: kwanza mkono ulikuwa hautetemeki, sasa unatetemeka, kwanza binti huyu alikuwa anageuka mara moja, sasa anageuka na kukawia, leo amekataa kuonja. Jibu ni kwamba ananitilia dawa kwenye chai. Daktari akamgeukia Mkono Mwepesi na kumuuliza kama ni kweli, na aliuliza kwa tabasamu la kumwomba radhi kwa kuuliza.

"Hapana, daktari," alisema.

Daktari akaandika. Mkono Mwepesi alikuwa karibu, aliyaona maneno yakitoka kwenye kalamu: anaamini muuguzi anamtilia dawa kwenye chai, hali inazidi. Mwalimu akasema basi anaondoka, aletewe fomu asaini, amekuja kwa miguu yake. Hapo ndipo sheria ilipogeuka upande wa pili. Mtu mwenye imani ya namna ile, aliyekwisha kumjeruhi mgonjwa mwenzake, daktari anaweza kumzuia, na alimzuia. Kabla ya saa sita Mwalimu alikuwa kule, nyuma ya mlango wa kioo kidogo, anachomwa sindano za halali zenye saini mbili. Ndani ya siku kumi na mbili kikao cha watu watatu kitakaa kuamua kama abaki miezi sita.

Siku hizo kumi na mbili Mkono Mwepesi hakulala vizuri, na hata mchana aliona vitu kama anayeota. Akimimina chai kwa mgonjwa mwingine aliisikia ile sauti nyuma ya shingo yake, onja tena, akageuka hakuna mtu. Alianza kuonja kila kikombe mara mbili bila kuombwa, mpaka wagonjwa wakaanza kumtazama. Kila alipopita kwenye mlango ule alikwepa kioo. Alipita ameinama, kama anayetafuta kitu sakafuni.

Siku moja hakukwepa. Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro, mikono juu ya magoti. Naye muuguzi wa zamu ile akamsimulia kwa furaha kwamba mama yule anaendelea vizuri, anaanza kuelewa. Amesema mwenyewe kwamba alimwona binti kwa macho yake, lakini sasa anajua hayakuwa macho yake, yalikuwa ya ugonjwa. Amesema macho hayo hatayaamini tena.

Nyumbani mtoto alipata kikohozi. Mkono Mwepesi alirudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe amempakata, ameponda dawa kwenye ndizi, anamwambia haya fungua, mjukuu wangu, hakuna kitu, hakuna kitu. Mkono Mwepesi akakipokonya kijiko. Mama mkwe alishangaa, akauliza tangu lini mtoto wa miezi minane anaombwa ruhusa.  Mkono Mwepesi alikaa sakafuni na kijiko kile mkononi, mtoto akimtambaa mapajani.

Alimwambia mumewe yote. Mumewe alisikiliza huku akibandua mabaki ya chuma kwenye kidole chake, akauliza atanyang'anywa leseni au atafungwa. Mkewe akasema hajui, pengine leseni.  Mume akasema yeye akichomelea mlango vibaya, mlango unaanguka, mwenye nyumba anamwita, anamtukana, anarudia. "Wako huo umeangukia wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli, alikuwa hajui kweli. Naye akasema, kichwani mwa yule mama.

Bi Funguo alimfuata chumba cha kubadilishia nguo asubuhi ya kikao. Alimwambia asome alichoandika kwenye faili, basi: mgonjwa alikataa chai, akamtuhumu muuguzi. Hakuna neno la uongo hapo. Akamwambia Mwalimu ameshakubali kwamba alikosea, kaka yake yuko tayari kumchukua, kikao kitamwachia leo hii. "Mungu amekufunika, na wewe unataka kujifunua," alisema. "Na ukijifunua hutajifunua peke yako. Mimi nina miaka thelathini humu." Alipomfunga kifungo cha juu cha sare, kama alivyozoea, vidole vyake vilikuwa baridi.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mikutano, feni inazunguka kwa mlio. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria mzee, kushoto kwake daktari wa hospitali nyingine, kulia mama wa ustawi wa jamii mwenye miwani ya kamba. Kaka wa Mwalimu alikaa na kofia magotini. Mwalimu aliingia amevaa gauni lake mwenyewe, limempwaya. Alizungumza polepole, akisaka maneno kwa ule ulimi mzito. Alisema alikuwa anaumwa. Alisema hakuna aliyemtilia kitu, ilikuwa kichwa chake. Kisha akageuza shingo yake ngumu mpaka akamwona Mkono Mwepesi kwenye kiti cha ukutani.

"Namwomba radhi binti huyu," alisema. "Nilimsingizia. Ana mtoto mchanga, na mimi nilimsingizia."

Mama wa ustawi wa jamii alitabasamu, akaandika. Daktari wa nje akasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni dalili nzuri sana. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi alipouliza, kwa kutimiza utaratibu tu, kama muuguzi ana la kuongeza kwenye maandishi yake.

Bi Funguo alikuwa mlangoni. Mkono Mwepesi alisikia funguo zikigongana kidogo. Kama angekaa kimya, Mwalimu angekwenda nyumbani jioni ile, na yeye angekwenda kunyonyesha, na kila mtu angepata alichokitaka. Angekuwapo tu mwanamke mmoja mahali fulani, akiona jambo kwa macho yake na kujiambia si kweli.

Akasimama. "Aliona sawa," alisema. "Nilitia matone kumi. Siku ile na siku nyingine. Aliniuliza nikamwambia hakuna kitu."

Feni ikaendelea. Mwenyekiti akamwambia akae, kisha akamwambia asimame, kisha akauliza kwa amri ya nani. Alijibu mkono ulikuwa wake. Walipomuuliza mara ya pili alieleza desturi yote, kwa sababu kusema nusu kungekuwa kutia sukari tena. Hakumtazama Mwalimu. Alisikia tu kaka yake akisema taratibu, dada, dada, kama anayemzuia mtu asianguke.

Mwalimu aliachiwa siku hiyo hiyo. Baraza la wauguzi lilimsimamisha Mkono Mwepesi kazi mwaka mmoja na kumwekea onyo kwenye jina lake. Daktari kijana alihamishwa. Dawa zote za wodi zikaanza kuhesabiwa na watu wawili, matone kwa matone. Bi Funguo alistaafishwa kabla ya wakati, na walipokutana sokoni alivuka kwenda upande wa pili wa barabara na mikoba yake mizito.

Mwezi wa tatu wa kusimamishwa, Mwalimu alikuja nyumbani kwa Mkono Mwepesi. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kochi bila kuegemea. Mkono ulikuwa umeacha kutetemeka. Maji aliyoletewa hakuyagusa, na hakuna aliyemhimiza. Mkono Mwepesi alianza kuomba msamaha, akiwa amepiga magoti, na Mwalimu akamwambia ainuke, hakuja kwa hilo, na hilo hajui lini atalijia.

Alitoa daftari la mistari ya mraba. Alikuwa amechora siku zake zote wodini kabla ya kupelekwa kule, ishirini na tisa, kila siku na kisanduku chake, tarehe juu.

"Nitilie alama siku nilizonyweshwa," alisema. "Nataka kujua zipi zilikuwa zangu."

Mkono Mwepesi alichukua kalamu. Alizikumbuka zamu zake, akatia alama saba alizokuwa na hakika nazo, moja moja, na kila moja ilikuwa kama kumchoma mtu. Akafika mahali mkono ukasimama. Visanduku vyote vilivyobaki vilikuwa vyeupe.

Mwalimu aliweka kidole kwenye kimoja. Ilikuwa Jumapili. Akasema siku ile alikaa dirishani na wenzake, mmoja akasema kitu kuhusu kofia ya daktari, wakacheka mpaka akatokwa machozi, na usiku alilala kama mtoto. Tangu mumewe afariki hakuwahi kucheka namna ile. "Ile ilikuwa mimi," aliuliza, "au ilikuwa ninyi?"

"Sikuwa zamu," alisema Mkono Mwepesi. "Sijui."

"Nani anajua?"

Mwalimu aliondoka akamwachia daftari, akasema atalifuata. Na Mkono Mwepesi alilibeba, mtoto mgongoni, nyumba kwa nyumba. Muuguzi mmoja hakufungua. Mwingine alisema zilikuwa chai nyingi, nani anakumbuka chai. Wa tatu alilia, akatia alama moja, kisha akaifuta akasema labda ilikuwa kitanda cha kumi.

Mwishoni akaenda kwa Bi Funguo. Alimkuta uani anaanika shuka, kiuno kitupu bila funguo, amekonda. Hakumfukuza. Alipokea daftari, akalisogeza mbali na macho yake kisha karibu, akapitisha kidole juu ya kile kisanduku cha Jumapili, na mdomo wake ukacheza kama anayetafuta kuhesabu. Mtoto mgongoni alimwona, akamnyooshea mkono. Bi Funguo aliutazama mkono ule mdogo bila kuushika.

"Hatukuandika, mwanangu," alisema, akamrudishia daftari. "Nikusomee nini?"